Fidla za Uskoti na Taa Iliyozimwa

Methali ile ya mwacha mila ni mtumwa tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi hadi imechakaa kama jezi ya timu ya pili. Mimi mwenyewe nimeitumia mara nyingi nikitafuta alama, bila kujua hasa mila huachwa vipi, na siku gani. Nimekuja kuelewa jambo hilo kwa njia ya ajabu kidogo, yaani kwa kusikiliza fidla za Waskoti.

Najua kuna watakaoguna. Uskoti na sisi wapi na wapi? Subirini kwanza. Waliowahi kusafiri kutoka Nairobi kwenda Kikuyu wamepita Thogoto. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walifungua kituo chao huko mwaka wa 1898, na inasemekana wenyeji walipowataja wageni hao kwa jina lao, Scots, ulimi ulilifinyanga jina hilo likawa Thogoto. Tena wimbo ule ambao watu huuimba wameshikana mikono wakiagana, maneno yake tumeyapata kwa mshairi Mskoti, Robert Burns. Kwa hiyo hatuendi kwa watu tusiowajua kabisa.

Mambo yalianza Alhamisi moja, kipindi cha mwisho. Mvua ilikuwa ikiyapiga mabati hadi mwalimu wetu wa muziki akashindwa kusikika. Badala ya kupaza sauti alitoa spika ndogo mfukoni, akaiunganisha na simu yake, akatuambia tuisogelee. Muziki ulipoanza tu, jirani yangu wa dawati alinipiga kiwiko. "We, si hii ni orutu ya babu yako?" Kumbe ilikuwa fidla, na mpigaji alikuwa Aly Bain wa Visiwa vya Shetland. Tangu siku ile mimi na jirani yangu tuna ubishi usiokwisha, na makala haya yamezaliwa na ubishi huo.

Kwanza tuielewe ala yenyewe. Fidla ya Waskoti ni ileile ya okestra za Ulaya, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika taarab ya Mombasa na Zanzibar. Ina nyuzi nne, hushikwa chini ya kidevu au kifuani, na hukwaruzwa kwa upinde uliofungwa singa za mkia wa farasi. Singa hupakwa ulimbo mkavu ili ziume uzi. Bila ulimbo upinde huteleza tu, kimya. Orutu ya Waluo nayo hupigwa kwa upinde vivyo hivyo, ila uzi wake ni mmoja. Sasa, kinachoitofautisha fidla ya okestra na fidla ya ngoma si mti wake. Ni mkono wa kulia, ule unaoshika upinde.

Vibao vya Waskoti viko vya aina nyingi. Rili ni ngoma ya mbio ambayo nota zake hufuatana sawasawa, teketeke teketeke, kama cheni ya baiskeli inayoteremka mlima. Jigi huenda kwa tatu tatu: ta-ka-ta, ta-ka-ta. Halafu kuna ngoma ya Strathspey, iliyopewa jina la bonde la mto Spey, nayo ndiyo inayowatambulisha Waskoti hata ukiwa umefumba macho. Hii haina mbio. Siri yake ni kwamba nota fupi hutangulia, tena kwa nguvu, ndipo nota ndefu hufuata. Hebu jaribu. Tamka neno "mama", lakini silabi ya kwanza uikate ghafla kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha ya pili uivute: ma-maaa. Usishangae ukishindwa mara ya kwanza, maana sisi wa Kiswahili tumezoea kuivuta silabi ya mwisho kasoro moja. Darasa letu lilijaribu kwa kugonga madawati, na jambo hilo lilikomeshwa na mwalimu wa zamu.

Aghalabu wapigaji huunganisha vibao. Huanza na ngoma ya Strathspey, wakaikamilisha, kisha bila kupumua hudondokea kwenye rili, na hapo ndipo wachezaji hupiga yowe. Kuna pia mahadhi ya polepole ambayo hayachezwi. Mtu husikiliza tu. Mengi ni ya maombolezo.

Turudi nyuma sasa. Mkongwe wa wapigaji wote hao ni Niel Gow, aliyezaliwa 1727 katika jimbo la Perthshire. Kazi aliyofundishwa ilikuwa kufuma nguo, na fidla alijifunza sehemu kubwa peke yake. Inasimuliwa kuwa alishinda shindano mwaka wa 1745 ambapo mwamuzi alikuwa kipofu, na mwamuzi huyo alisema angeutambua upinde wa Gow hata kati ya wapigaji mia. Hapa jirani yangu husema ni chumvi. Mimi naamini, kwa sababu sisi sote humjua mwalimu mkuu kwa mlio wa viatu vyake kabla hajafika mlangoni. Waliomsikia Gow waliandika kuwa ajabu yake ilikuwa katika pigo la kurudisha upinde juu, ambalo kwa wapigaji wengi huwa hafifu lakini kwake lilitoka na nguvu kama lile la kushuka.

Mabwana wakubwa walimwalika katika majumba yao kuchezesha wageni, na mtawala wa Atholl alikuwa mfadhili wake. Mwaka wa 1787 Robert Burns alimtembelea. Mchoraji Henry Raeburn alimchora ameketi na fidla yake, amevaa suruali fupi ya mirabamiraba na soksi ndefu za namna hiyo, uso wa mzee anayejua anachokifanya. Mwalimu alituonyesha picha hiyo. Kilichonivutia ni kuwa wakati ule wachoraji wa aina ya Raeburn waliwachora matajiri na majaji, na hapa ameketi mwana wa mfumaji.

Mke wa pili wa Gow, Margaret Urquhart, aliaga dunia 1805 baada ya ndoa ya miaka zaidi ya thelathini. Mzee huyo wa miaka karibu themanini alitunga mahadhi ya kumwomboleza, na hadi leo hakuna mpigaji fidla wa Uskoti asiyeyajua. Hayana neno hata moja. Yeye mwenyewe alimfuata mkewe 1807.

Hapa ndipo ubishi wetu ulipopamba moto. Jirani yangu anasoma nota vizuri, ananishinda kwa mbali, na hoja yake ni kuwa muziki usioandikwa ni muziki wa kupotea. Ushahidi anao. Gow alitoa kitabu chake cha kwanza cha vibao mwaka wa 1784, na mwanawe Nathaniel akawa mchapishaji wa muziki mjini Edinburgh. William Marshall, aliyezaliwa 1748, alikuwa mnyapara wa nyumba ya mtawala wa Gordon na fundi wa saa, na Burns alimsifu kuwa mtunzi wa kwanza wa ngoma za Strathspey katika zama zao. Vibao vya Marshall ni vigumu vidoleni na tunavyo kwa sababu vilichapwa. "Bila karatasi," husema jirani yangu, "wote hao wangekuwa majina makaburini."

Kisha huniletea James Scott Skinner, kana kwamba anatupa karata ya mwisho. Skinner alizaliwa 1843 huko Banchory. Akiwa mtoto alichukuliwa katika kikundi cha wavulana wapiga muziki kilichokuwa na makao Manchester, akazunguka nacho miji mingi, na huko ndiko alikofundishwa kusoma nota sawasawa. Baadaye akawa mwalimu wa ngoma, akatunga vibao zaidi ya 600, akajiita Mfalme wa Strathspey. Kusema kweli jamaa alijipenda sana. Lakini alikuwa na haki ya kujipenda, na aliandika hata kitabu cha kueleza upinde uende vipi, pigo kwa pigo. Alikufa 1927.

Mimi humjibu hivi: kama karatasi ilitosha, kwa nini Skinner alihitaji kuandika kitabu kingine cha kueleza upinde? Nota humwambia mtu kidole akiweke wapi. Hazimwambii ile nota fupi ya Strathspey iwe fupi kiasi gani, wala upinde ubanwe au uachiliwe. Tena bahati njema Skinner aliishi hadi wakati wa mashine za kurekodi, na sauti ya fidla yake ipo hadi leo. Waliozisikia hizo rekodi na kukitazama kitabu chake wanasema anapiga vingine na alivyoandika vingine. Jirani yangu hapo hunyamaza, ingawa si kwa muda mrefu.

Sasa bendi. Katika karne ya 20 fidla ilipata mwenzake mwenye sauti kubwa, kodiani. Jimmy Shand, aliyezaliwa 1908 na aliyekuwa mchimba makaa ya mawe katika ujana wake, aliongoza bendi ya ngoma kwa kodiani hadi jina lake likajulikana kila jumba la harusi Uskoti. Alifariki mwaka wa 2000. (Wazee wetu wa Mwomboko huko Mlima Kenya nao wanaijua kodiani, na huenda wangeelewana naye bila mkalimani.)

Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mjini walianza kuunda bendi za namna nyingine, za kusikilizwa jukwaani wala si za kuchezewa tu. Tannahill Weavers walitoka Paisley mwaka wa 1968, wakajiita kwa jina la Robert Tannahill, mshairi wa mji huo aliyekuwa mfumaji. Battlefield Band ilianza Glasgow 1969, na jina lake si la vita vyovyote. Ni mtaa tu wa Glasgow. Silly Wizard ya Edinburgh ilianza karibu wakati huohuo, na humo ndimo walimopiga ndugu wawili, Johnny Cunningham kwa fidla na Phil Cunningham kwa kodiani. Ukiwasikia wawili hao wakikimbizana katika rili utafikiri ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Msikilizaji aliyezoea kwaya atashangaa jambo moja. Kwaya yetu hugawanya sauti nne, kila kundi na njia yake. Bendi ya Uskoti haifanyi hivyo. Fidla, filimbi, kodiani na ile zumari ya mfuko huweza kupiga mahadhi yaleyale kwa pamoja, nota kwa nota, na gitaa au piano hukaa chini yake kutoa mdundo. Raha yake haimo katika kuachana bali katika kubanana. Mmoja akiteleza, wote husikika wameteleza.

Mashabiki wa muziki huu hugombana kama mashabiki wa mpira. Battlefield Band walipoweka zumari ya mfuko kando ya kinanda cha umeme, kuna waliofurahi na kuna waliosema ni kuharibu. Bendi ya Capercaillie iliundwa 1984 na vijana wa shule ya sekondari ya Oban. Naomba mwanachama yeyote anayesinzia arudie sentensi hiyo. Mwaka wa 1992 walirekodi wimbo wa Kigaeli wa karne nyingi zilizopita, wa wale wanawake waliokuwa wakiimba huku wakitwanga nguo ya sufu mezani ili ikazike. Wakauwekea ngoma za kisasa na vyombo vya umeme, nao ukawa wimbo wa kwanza wa lugha hiyo kuingia katika nyimbo arobaini bora za Uingereza. Wapenzi wa mambo ya kale walikunja uso. Mimi nauliza, watoto wangapi waliusikia Kigaeli kwa mara ya kwanza siku hiyo?

Lakini kiini cha somo hili kiko Shetland. Visiwa hivyo viko kaskazini kabisa, baharini, na vilikuwa chini ya wafalme wa Norwe na Denmark hadi vilipowekwa rehani kwa Uskoti karibu mwaka wa 1469, kwa sababu ya mahari. Ndiyo, mahari, nayo haikulipwa hadi leo. Upigaji fidla wa huko una ladha ya Norwe: mpigaji hugusa uzi wa jirani ulio wazi, ukalia pamoja na ule wa mahadhi, na fidla moja ikasikika kama mbili. Mpigaji ndiye aliyetangulia mbele ya maharusi kwa miguu. Wanaume waliokwenda kuvua nyangumi Greenland walibeba fidla melini wakarudi na vibao vipya. Na vipo vibao ambavyo wenyeji husema havikutungwa na binadamu, bali vilisikika usiku vikitoka ndani ya kilima, kwa viumbe vidogo vinavyoishi chini ya ardhi. Ukifikiri ni mzaha, waulize watu wa Pwani kuhusu majini wanaopenda ngoma.

Huko alizaliwa Tom Anderson mwaka wa 1910, katika sehemu iitwayo Eshaness. Alikuwa wakala wa bima, kazi iliyomfikisha nyumba kwa nyumba, na kila alipomkuta mzee mwenye fidla alimwomba ampigie. Alikusanya vibao kwa miaka mingi, akiviandika na kuvinasa kwenye kanda, kwa sababu wazee walikuwa wakifa na vijana walikuwa wanaondoka visiwani kutafuta kazi.

Usiku mmoja wa Januari 1969 alikuwa akitoka Eshaness. Alipofika juu ya kilima aligeuka kutazama nyuma. Taa za nyumba zilikuwa chache mno kuliko alizozikumbuka utotoni, na alipokuwa akitazama, zikaanza kuzimwa moja baada ya moja. Alikuwa amefiwa na mkewe siku zisizo nyingi. Akatunga mahadhi ya polepole akayaita Da Slockit Light, kwa lahaja ya huko, yaani taa iliyozimwa. Mwalimu alitupigia mahadhi hayo mara mbili. Mara ya pili hakuna aliyegonga dawati.

Angeishia hapo tungesema ametunga wimbo mzuri wa huzuni, basi. Hakuishia hapo. Miaka ya 1970 mafuta yaligunduliwa baharini karibu na Shetland, fedha na wageni wakamiminika, na yeye aliyekwisha kuwa mtu mzima akaingia shuleni kufundisha fidla. Hakuwafundisha wavulana tu kama ilivyokuwa desturi. Wasichana walijaa darasani kwake. Alifundisha kwa sikio kwanza: yeye apige, mtoto arudie. Aly Bain, aliyezaliwa Lerwick 1946, alikuwa amefunzwa naye tangu umri wa miaka kumi na mmoja, akaja kuzunguka dunia na bendi ya Boys of the Lough. Catriona Macdonald ni mwanafunzi wake pia. Anderson alifariki 1991, na mwaka huohuo vijana wa Lerwick waliunda bendi iitwayo Fiddlers' Bid, fidla nne mbele. Kwingine Uskoti mambo yalifuata mkondo kama huo: kisiwani Barra mwaka wa 1981 wazazi walianzisha mafunzo ya likizo ya muziki na Kigaeli kwa watoto, na visiwa na vijiji vingine vikaiga.

Sasa nisimulie la nyumbani, kisha niweke kalamu chini.

Babu yangu hupiga orutu. Baada ya somo lile nilienda kwake Jumamosi na simu ya mama, nikarekodi vibao viwili. Kimoja ni cha kuchezesha watu. Kingine alimtungia dadake siku alipoolewa Asembo, na dada huyo amekwisha kufariki. Nilijiona Tom Anderson mtupu. Wiki mbili baadaye simu ilijaa, na mdogo wangu akafuta vyote viwili ili apate nafasi ya video za mpira. Sikumpiga, ingawa mkono uliniwasha. Nilirudi kwa babu. Kile cha kuchezesha alikirudia bila taabu. Kile cha dadake alikianza mara mbili akaacha katikati. Kidole chake cha kati hakikunjiki tena kama zamani, na pale ndipo kilipohitajika. "Nyakwara," aliniambia, "huo umekwenda."

Jirani yangu alipopata habari hizo hakunicheka. Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari lake la nota, akaketi mbele ya babu akiandika. Baada ya nusu saa alikuwa amefuta zaidi ya alichoandika, kwa maana babu huteleza kutoka nota moja hadi nyingine, na katikati humo mna vituo visivyo na mstari kwenye karatasi. Sasa anachora vishale vidogo. Mimi nimeachiwa kazi ya kurudia kwa sikio. Nimeshika vibao vitatu vya kuchezesha, na cha dada ya babu ninacho mwanzo wake tu, hadi pale anapoachia.

Mwalimu wa muziki ameturuhusu kutumia darasa la Kidato cha Tatu Mashariki kila Ijumaa baada ya michezo. Orutu ziko mbili. Babu anatengeneza ya tatu, ngozi ya mbuzi ingali inakauka. Anayetaka kuja na aje, msichana kwa mvulana, ila alete kitambaa cha kufutia mikono, kwa kuwa ule utomvu hauondoki kwa maji matupu.